Mashine inaweza kumtaja mwenye moshi? Jibu kwa Mama Nasra wa Kurasini

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu, habari za kazi. Tunakaa Kurasini, ghorofa ya pili. Baraza letu linatazama njia ya malori ya makontena, na bandari iko upande jua linakochomoza. Kila asubuhi nikifuta viti vya plastiki kitambaa kinatoka cheusi. Mwanangu wa mwisho ana pumu. Shemeji yangu alituletea kidude cha kupima hewa. Saa nane mchana kinaonyesha 15 au 18, ikifika saa moja usiku kinapanda mpaka 70. Jirani anasema ni malori, mwenye nyumba anasema ni meli, mume wangu anasema ni majiko ya mkaa ya hapa hapa uani. Nimesikia iko mashine inayopima chembe moja moja ya vumbi na kusema imetoka wapi. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini isiletwe ikamaliza ubishi?"

Salama, Mama Nasra, na pole kwa kufuta kila siku. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Mashine ipo, na ni kweli inasoma chembe moja moja. Lakini ubishi wenu haitaumaliza kwa namna mnayotarajia. Inachojua ni kwamba chembe hii imezaliwa kwenye moto wa aina gani. Moto huo ni wa nani, haijui. Halafu kuna jambo la pili ambalo litakushangaza: ule weusi unaoufuta kwenye kiti, sehemu kubwa yake mashine hiyo haitauona kabisa.

Tuanze na hilo la kiti, maana ndilo linalowachanganya wengi. Vumbi linalotua usiku mmoja ni lile zito. Punje yenye upana wa mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, hewa ikiwa imetulia inashuka kama mita 10 kwa saa, kwa hiyo kabla hujaamka imeshalala kwenye kiti. Punje ya mikroni 0.3 kwa saa hiyo hiyo inashuka kama sentimita moja na nusu tu. Kwa lugha nyingine haitui. Inaelea, inapita dirishani, inaingia kifuani mwa mtoto na nyingine inatoka naye akipumua. Kwenye kitambaa chako kuna mchanga wa barabarani, mpira uliosagika kutoka kwenye matairi, unga wa breki, na masizi yaliyoshikana mpaka yakawa mabonge. Inaudhi kwa macho, lakini si hiyo hasa inayofika ndani kabisa ya mapafu. Namba ya kidude chako inahusu chembe za mikroni 2.5 kushuka chini, na mashine nayo husoma ndogo za namna hiyo, si zile nzito. Hizo ndogo hukai nazo kwenye kiti, unakaa nazo hewani. Kwa hiyo mna mashauri mawili, na mnayasikiliza kama shauri moja.

Sasa mashine. Kitaalamu ni spektrometa ya masi ya chembe moja moja. Aliyeifanya ijulikane ni mwanakemia wa Marekani, Kimberly Prather, pamoja na wanafunzi wake huko California katika miaka ya 1990. Wakati huo huo watafiti wengine wa Marekani walikuwa wanatengeneza ya kwao ya kupakia kwenye ndege. Mimi nilikaa na mojawapo miaka michache nikiwa mwanafunzi, na ninachokueleza hapa nimekiona kwa macho, pamoja na makosa yangu.

Kwanza inavuta hewa kwa mfereji mwembamba. Inavuta kidogo kuliko unavyofikiri: zile zenye mfereji wa kisasa huchukua kama lita 0.1 kwa dakika, wakati wewe ukiwa umekaa tu unavuta lita 6 hadi 8. Ndani ya mfereji kuna visahani vilivyotobolewa katikati, kimoja baada ya kingine, na matundu yake yanazidi kuwa madogo. Hewa inapojibanabana kupita humo, chembe zinasukumwa zije katikati zijipange mstari mmoja, kama abiria wa mabasi ya mwendokasi pale kwenye geti la tiketi: nje walikuwa kundi, wakipita wanapita mmoja mmoja. Upande wa pili wa geti hakuna hewa, ni ombwe, na pampu zinanguruma usiku kucha kulilinda.

Chembe ikiingia kwenye ombwe inarushwa kwa kasi. Ndogo hukimbia kuliko kubwa. Hapo inakutana na miale miwili ya leza ya kijani, umbali wa sentimita chache kati ya mmoja na mwingine. Ikikata wa kwanza inametameta, saa inaanza. Ikikata wa pili inametameta tena, saa inasimama. Safari hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutokana na muda huo kompyuta inajua mambo mawili: ukubwa wa chembe, na ni lini hasa itafika pale chini inaposubiriwa na leza ya tatu.

Hiyo ya tatu haionekani kwa macho, ni ya urujuanimno, na haiwaki muda wote. Inapiga mara moja tu, kwa mpigo wa sehemu za bilioni za sekunde, chembe ikiwa mbele yake. Chembe inapasuka na kugeuka wingu la atomi na vipande vya molekuli, vingine vina chaji chanya, vingine hasi. Chanya vinavutwa huku, hasi vinavutwa kule, kila upande na bomba lake. Kisha ni mbio: vyepesi hufika mwanzo, vizito hufika mwisho. Sodiamu, yenye uzito wa 23, inafika kabla ya potasiamu yenye 39, na risasi yenye 208 inafika mwisho kabisa, wenzake wameshatulia. Muda wa kufika ndio uzito. Kompyuta inachora vilele kwenye mstari, na huo mchoro ndio picha ya chembe moja, ambayo sasa hivi haipo tena duniani.

Nikuonyeshe picha chache, kwa sababu utamu wa kazi hii uko hapa.

Ya kwanza: vilele kwenye 12, 24, 36, 48, 60, vimepangana sawasawa kama meno ya kitana. Huo ni mnyororo wa kaboni tupu, atomi moja, mbili, tatu, nne, tano. Ni masizi. Lakini masizi ya nini? Angalia pembeni ya kitana. Ukiona kilele cha 40 upande wa chanya, hiyo ni kalsiamu, na upande wa hasi kilele cha 79, hiyo ni fosfeti, basi umeona oili ya injini. Oili huwekewa viungo vya kalsiamu, fosforasi na zinki ili isafishe na kulinda vyuma, na injini iliyochoka inakula oili na kuitoa kwa bomba la moshi. Mtu wa gereji pale mtaa wa Gerezani angekuambia hayo kwa kunusa tu.

Ya pili: kilele kirefu cha potasiamu kwenye 39, kinafunika vingine vyote, na upande wa hasi vilele vya 45, 59 na 71. Hivyo vitatu ni vipande vya sukari inayoitwa levoglukosani, ambayo huzaliwa selulosi ya mti inapovunjika kwa joto. Ukivikuta pamoja na potasiamu, umekuta kuni. Mahali wanapokaangia samaki kwa kuni, naamini mashine ingejaa picha za namna hii, nusu yake zikiwa zimechanganyika na mafuta ya kukaangia.

Mkaa je? Hapa ndipo ninapopapenda. Mkaa ni mti ambao umeshaungua mara moja. Ile sukari ya mti ilishatoka kule kwenye tanuri porini, kabla gunia halijapanda lori kuja mjini. Ukiuwasha mkaa Kurasini, potasiamu bado ipo kwa sababu ni madini na yanabaki, lakini levoglukosani ni kidogo sana. Kwa hiyo potasiamu nyingi na sukari haba inaelekeza kwenye mkaa, potasiamu na sukari nyingi inaelekeza kwenye kuni. Inaelekeza, nimesema. Watu huwashia mkaa kwa vijiti, maboksi na mifuko ya plastiki, na dakika zile za kuwashia ndizo zenye moshi mwingi kuliko saa nzima ya kupika. Mume wako anaweza kuwa na haki kuhusu jiko huku picha ikionyesha maboksi.

Ya tatu utaipenda kwa sababu mnakaa karibu na maji. Chembe ya chumvi ya bahari ina sodiamu kwenye 23, na upande wa hasi klorini kwenye 35 na 37, ya 35 ikiwa ndefu karibu mara tatu ya mwenzake, kama klorini ilivyo siku zote. Hiyo ni chumvi mbichi, imetoka kwenye povu la wimbi muda si mrefu. Lakini chumvi hiyo ikipita juu ya barabara yenye malori, gesi za nitrojeni za injini, zikishageuka asidi hewani, huishika na kuitoa klorini, na mahali pake panakaa nitreti. Sasa unaona sodiamu ile ile, klorini imepungua, na vilele vya 46 na 62 vimeota. Chembe moja inakuambia ilizaliwa baharini, na inakuambia njiani ilikutana na moshi. Kipimo cha kukusanya vumbi la siku nzima kwenye karatasi kingekupa chumvi kiasi hiki na nitreti kiasi hiki. Kama vilikuwa kwenye chembe moja au kila kimoja na safari yake, kisingekuambia.

Na meli, kwa ajili ya mwenye nyumba wako. Mafuta mazito ya meli, yale meusi ya mwisho wa mtambo wa kusafishia, yana vanadiamu: kilele cha 51, na kingine cha 67 vanadiamu ikiwa imeshika oksijeni. Kwa miaka mingi mtafiti wa bandarini akiona 51 na 67 pamoja na salfeti, inayotokana na salfa ya mafuta, alikuwa anaandika "meli" bila kusita. Tarehe 1 Januari 2020 kanuni ya kimataifa ilishusha salfa inayoruhusiwa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Mafuta yakabadilika, na vanadiamu nayo ikapungua sana katika moshi wa meli nyingi. Meli hazikuondoka, saini yao ndiyo imefifia. Kwa hiyo leo ukikosa vanadiamu Kurasini hujaisafisha bandari.

Nitaje na risasi kwa haraka. Iko kwenye 206, 207 na 208. Zamani ingekuwa ya petroli, lakini nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Siku hizi ukiiona pamoja na zinki na klorini, fikiria kwanza taka zinazochomwa, halafu mtu anayeyeyusha betri chakavu mahali fulani karibu. Hilo la pili likionekana, ndilo pekee katika yote haya ambalo ningelipigia kelele siku hiyo hiyo, kwa sababu risasi na watoto ni shauri jingine kabisa.

Niongeze kituko kimoja. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani wanaorusha mashine ya aina hii kwa ndege za juu sana walitangaza kwamba karibu asilimia 10 ya chembe kubwa za asidi ya salfa za kule juu zilikuwa na alumini na metali nyingine za roketi na setilaiti zilizoungua zikirudi duniani. Kilichowashtua kwanza ni metali mbili adimu, niobiamu na hafniamu, ambazo vimondo havina kwa wingi ule. Kwa hiyo uwezo upo. Ukimpa mhalifu mwenye alama isiyofanana na ya mwingine, inamkamata hata kilomita 19 juu.

Tatizo la Kurasini ni kwamba wahalifu wako wanafanana.

Lori linalopita mbele ya baraza lako, mtambo wa kupakulia makontena, jenereta ya duka la chini na trekta la bandarini, vyote vinakunywa dizeli ile ile na vingi vina oili ya aina moja. Kitana cha kaboni, 40, 79. Mashine itakuambia "dizeli", kwa uhakika, mara elfu kumi kwa siku. Ya jirani au ya mwenye nyumba, itanyamaza. Kadhalika jiko la uani kwenu na jiko la uani kwa wenzenu mtaa wa tatu. Watu wakisikia neno "chanzo" wanafikiria anwani; mwenzetu kwenye maabara akisema chanzo anamaanisha aina.

Kuna na udhaifu wa mashine yenyewe, na wauzaji wake hawapendi kuuzungumzia. Leza inapenda baadhi ya vitu kuliko vingine. Sodiamu na potasiamu zinatoa ioni, yaani vile vipande vyenye chaji, kwa urahisi mno, hata zikiwa chache zinapiga kilele kirefu. Salfeti tupu inaweza kupita bila hata kulipuka. Urefu wa kilele si kiasi. Chembe ndogo kuliko mikroni 0.1 au 0.2 hazimetameti vya kutosha kwenye leza za kijani, kwa hiyo hazihesabiwi, na moshi mbichi wa injini umejaa hizo. Halafu vilele vinagongana. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika "chuma" kwenye daftari wiki nzima kwa sababu ya kilele cha 56, nikajenga na hadithi ya reli iliyokuwa karibu. Msimamizi wangu akaja, akatazama, akauliza kwa nini chuma changu kila mara kina kilele cha 40 na cha 57 pembeni. Ilikuwa kalsiamu yenye oksijeni: 40 na 16 ni 56. Vumbi la chokaa na saruji, kulikuwa na ujenzi nyuma ya jengo. Hapa Dar es Salaam, penye mawe ya matumbawe na saruji kila kona, kosa hilo lingekuwa la kila siku.

La mwisho ndilo linalowapoteza hata waandishi wa habari. Mashine inahesabu vichwa, haipimi uzito. Ikisema nusu ya chembe ni masizi, haina maana nusu ya ile 70 ya kidude chako ni masizi. Piga hesabu: punje moja ya mikroni 2.5 ina uzito sawa na punje karibu 580 za mikroni 0.3, zikiwa za kitu kimoja. Punje chache za mchanga zinaweza kuzidi kwa uzito jeshi zima la moshi.

Kwa hiyo unapouliza kwa nini isiletwe: bei yake ni mamia ya maelfu ya dola, inataka umeme usiokatika, kiyoyozi, na mtu wa kukaa nayo. Ningekuwa mimi ndiye mwenye fedha hizo, nisingeinunua kwanza. Ningekusanya vumbi kwenye karatasi maalumu, saa 24 kila baada ya siku chache, mwaka mzima, sehemu nne au tano za jiji, kisha karatasi zikapimwe metali, kaboni na ile sukari ya kuni. Ni kazi ya kuchosha na haina leza za kijani za kuonyesha wageni. Lakini inapima uzito, na uzito ndio unaoandikwa kwenye viwango. Baada ya hapo mashine ya chembe moja moja ije kwa miezi miwili kujibu maswali yaliyobaki.

Turudi kwako, maana mashine haiji wiki hii na mtoto anakohoa sasa.

Namba zako zina maneno mengi kuliko unavyodhani. Saa nane mchana malori yapo, meli zipo, trekta za bandarini zipo, na kidude kinasoma 15. Saa moja usiku kinasoma 70. Haraka haraka mtu atasema basi ni majiko. Subiri kwanza. Mchana upepo wa bahari unavuma na hewa inachanganyika hadi juu sana. Jua likizama upepo unalala, na hewa ya karibu na ardhi inakuwa kama imefunikwa mfuniko. Moshi ule ule uliokuwa ndani ya ukumbi sasa uko ndani ya chumba cha kulala. Hata chanzo kisichobadilika kingepanda jioni. Ongeza na unyevu: kidude chako kinapima kwa mwanga, na chembe zenye chumvi hunywa maji ya hewani zikavimba, kwa hiyo usiku na alfajiri hewa ikiwa nzito kinazidisha. Hiyo 70 huenda kwa kweli ni namba ya chini ya hapo. Hata hivyo bado ni ya juu. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa saa 24 usizidi 15, yaani mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Jinsi ya kuwatenganisha washukiwa bila mashine ni kungoja siku ambayo mmoja anabadili ratiba na wengine hawabadili. Na sisi tunao mwezi mzima wa namna hiyo. Ramadhani. Watu wanawasha majiko kuanzia saa tisa, saa kumi alasiri kwa ajili ya futari, na wanawasha tena saa tisa, saa kumi usiku kwa ajili ya daku. Hali ya hewa haijui kama ni Ramadhani, na mfuniko wa usiku unafunikwa saa zile zile. Kidude kikionyesha kilima kipya saa kumi usiku, ambacho mwezi uliopita hakikuwepo, hicho ni chakula cha daku, hakuna shahidi bora. Kisipoonyesha kitu, mume wako apunguze sauti. Kwa malori, angalia sikukuu ya Idi yenyewe na Jumapili. Meli ni ngumu zaidi. Hizo zitafute kwa upepo. Mabaharia wetu walizipa pepo majina kabla ya vipimo: kusi kutoka kusini mashariki, takriban Mei hadi Septemba, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi, na umande, ule wa alfajiri unaotoka bara kwenda baharini. Nyumba yenu ikiwa bandari iko mashariki, umande unapovuma moshi wa meli unakwenda kinyume nanyi. Namba ikiwa juu wakati wa umande, meli hazimo. Namba ikipanda mchana kaskazi inapovuma, mwenye nyumba apewe nafasi ya kusema.

Na kile kitambaa cheusi, kama unataka kucheza kidogo na Nasra: kung'utia vumbi la kiti kwenye karatasi nyeupe, pitisha sumaku chini ya karatasi. Vitakavyotambaa kuifuata vina chuma, na vingine huenda ni vya breki. Vilivyobaki vidondoshee siki au ndimu. Vikitoa mapovu ni chokaa, ya saruji au ya matumbawe, siki haitofautishi. Vitakavyobaki vyeusi, ukivipaka kwa kidole vikaacha mstari laini ni masizi, na vikijiviringisha kama uchafu wa kifutio cha penseli ni matairi. Si utafiti, lakini ni zaidi ya alichonacho jirani.

Kuhusu mtoto, usingoje kujua chanzo. Dirisha la upande wa barabara lifungwe kuanzia magharibi mpaka muda wa kulala, la upande wa pili libaki wazi kama huko hakuna jiko. Mkaa uwashiwe uwanjani mbali na dirisha lake, usiingizwe mpaka umekolea na moshi umekwisha. Na hata ukiwa umekolea, chumba kisifungwe, kwa sababu mkaa mwekundu hautoi moshi lakini unatoa kaboni monoksidi, nayo inaua. Ukifuta, futa kwa kitambaa kibichi, ufagio mkavu unarudisha vumbi hewani. Dawa zake za pumu afuate kama daktari alivyopanga, hata siku kidude kinaposoma 15. Na kama kuna mtu anachoma taka karibu nanyi, hilo halihitaji sayansi yoyote, nendeni serikali ya mtaa na mkishindwa mpeleke malalamiko kwenye taasisi ya taifa ya mazingira, ambayo wengi wanaijua kama NEMC, mkiwa na tarehe na saa mlizoandika.

Kwa hiyo chukua daftari. Mistari minne kwa siku, alfajiri, saa nane mchana, saa moja usiku, na kabla ya kulala: namba ya kidude, bendera au nguo kwenye kamba zinapepea kuelekea wapi, jiko gani linawaka, na harufu. Pua usiidharau, inatofautisha plastiki na dizeli vizuri kuliko kidude. Wiki mbili zikitimia nipigie picha kurasa hizo unitumie. Na siku ambazo umeme ulikatika ziwekee alama, maana jenereta ya duka la chini ikinguruma chini ya baraza lenu, malori yatasingiziwa bure.